Jumba la Chastleton: familia moja karibu miaka 400, na gharama yake

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nauguza wazee hapa Banbury, Uingereza. Juzi nilikwenda na wanangu kutembelea Chastleton House, jumba la mawe la zamani lililo kijijini huku huku Oxfordshire. Mtembezaji alituambia familia moja ilikaa humo tangu lilipojengwa hadi 1991. Mume wangu anashikilia kwamba watu hao walikuwa malodi na ardhi walipewa na mfalme. Rafiki yangu anasema jumba alilijenga Catesby, yule aliyetaka kulipua Bunge. Tukasimuliwa pia habari ya mke aliyewatilia askari dawa kwenye bia ili mumewe atoroke. Lipi la kweli? Na kubwa zaidi: waliwezaje kubaki na nyumba muda wote huo bila ndugu kuigawana? Nauliza kwa sababu nyumba ya babu yetu kule Pangani ina warithi wengi, kila mmoja anataka chake, na ukuta wa nyuma umeshaanza kumeguka. Nimeanza kuwashawishi ndugu zangu tufanye kama Waingereza: apewe mmoja, wengine waachie. Nakosea?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo ya historia, lakini linalokunyima usingizi ni la Pangani. Nitaanza na Chastleton, maana ukiielewa vibaya utawapeleka ndugu zako pabaya kwa nia njema kabisa.

Mumeo hajapata. Walter Jones, aliyelijenga jumba, hakuwa lodi na wala hakuna mfalme aliyemgawia ardhi. Alikuwa mwanasheria, karani wa mji wa Worcester, tena mbunge wa mji huo enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Watu wake walitokea Witney, mji uliokuwa ukiishi kwa sufu, ndiyo maana maelezo mengi ya wageni yamemwita mfanyabiashara wa sufu. Sufu iliwainua waliomtangulia. Yeye utajiri wake aliupata kwenye kesi na hati za watu, na ardhi ya Chastleton aliinunua kwa fedha yake.

Kinachowachanganya wengi ni cheo cha bwana wa eneo. Aliyemiliki eneo la kibwana Uingereza alikuwa na haki juu ya wakulima waliokaa humo: kodi, ada kila shamba lilipobadili mikono, na baraza dogo la kusikiliza mashauri ya mipaka na malisho. Haki hizo zilikuwa mali kama mali nyingine, zikiuzwa na kununuliwa, na hazikumpa mtu kiti katika Bunge la Malodi. Umiliki wa mashamba wa mtindo huo ulifutwa na sheria zilizoanza kazi Januari 1, 1926. Siku ukikutana mtandaoni na mtu anayekuuzia "ubwana" wa Kiingereza ili uitwe lodi, mpite. Hata ukiwa halali haukufanyi kuwa lodi, na mara nyingi hata huo uhalali haupo.

Rafiki yako yuko karibu zaidi na ukweli, ila amegeuza mambo. Ardhi ilikuwa ya Robert Catesby kweli. Mwaka 1601 alijiingiza katika uasi wa Earl wa Essex dhidi ya Malkia, akatozwa faini ya marki 4,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na kuuza Chastleton kulitokana na dhiki hiyo. Mnunuzi alikuwa Jones. Baadaye Catesby akawa kiongozi wa njama ya kulipua Bunge kwa baruti, ile ambayo wanao huwashiwa fataki kila Novemba 5 kwa ajili yake, ingawa watu humtaja zaidi Guy Fawkes, mtu wa kuwasha utambi. Catesby aliuawa kwa risasi Novemba 8, 1605, huko Holbeche House. Ujenzi wa jumba mlilolitembelea ulianza 1607 na kumalizika 1612. Kwa hiyo hakuweza kulijenga, alikuwa kaburini. Nyumba yake ya zamani pale ilibomolewa.

Jones alijenga jumba la kutamba. Tazameni picha mlizopiga: uso wa mbele umepangwa sawasawa kulia na kushoto, minara miwili ya ngazi imesimama ubavuni, na mlango mkubwa huuoni kwa sababu umefichwa ubavuni mwa sehemu iliyochomoza mbele, usiharibu ulinganifu. Chini kuna ukumbi wa kupokelea watu, juu kuna sebule kuu ya wageni wa heshima yenye nakshi kila mahali, na juu kabisa ukumbi mrefu wa mita 22 wenye dari la upinde uliojaa lipu ya maua, mahali pa kutembea huku na huku mvua inaponyesha. Ni jumba la mtu aliyepata fedha katika maisha yake mwenyewe na anataka majirani wa koo kongwe walione. Tuna ushahidi mzuri wa vilivyokuwamo, maana mwaka 1633 iliandikwa orodha ya vyombo na samani zilizokuwa ndani. Orodha ya namna hiyo naithamini kuliko hadithi kumi za watembezaji, kwa sababu mwandishi wake hakuwa na haja ya kumfurahisha mtu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vitanda.

Tena Jones alitumia karibu kila alichokuwa nacho. Kuanzia hapo ukoo haukuwahi tena kuwa na fedha za namna ile, na hili ndilo la kushika katika habari yote ya Chastleton.

Sasa hadithi ya bia. Inasimuliwa hivi: Arthur Jones, mjukuu wa Walter, alipigana upande wa mfalme katika vita vya Worcester, Septemba 3, 1651. Upande wao ulishindwa. Akakimbilia nyumbani, askari wa Cromwell, kamanda wa jeshi la Bunge, wakiwa nyuma yake, naye akajifungia katika chumba kidogo cha siri kando ya chumba cha kulala. Askari wakaamua kulala humo humo. Mkewe Sarah akawapelekea bia aliyoitia lodanamu, dawa ya afyuni, wakalala fofofo, na Arthur akaondoka na farasi wao mmoja. Masimulizi mengine yanaongeza kwamba askari walidhani wanamfukuza mfalme mwenyewe, Charles wa Pili, ambaye kumbe alikuwa akielekea kujificha juu ya mwaloni huko Boscobel.

Chumba cha siri kipo, umekiona. Vita vilikuwako, na Worcester haiko mbali na hapo. Afyuni nayo ilijulikana Ulaya wakati huo, ingawa lodanamu ilikuja kuenea Uingereza hasa kuanzia miaka ya 1660. Kwa hiyo hakuna lisilowezekana. Ila tofautisha linalowezekana na lililothibitishwa: ninayoisikia hapa ni sauti ya familia ikijisimulia yenyewe, imekolezwa chumvi na vizazi. Wanao wakiandika kazi ya shule waandike "familia husimulia kwamba", na mwalimu wao hatakuwa na la kusema.

Jambo lenye uzito kuliko bia ni lile lililofuata vita. Bunge liliposhinda, wafuasi wa mfalme hawakunyang'anywa tu moja kwa moja. Walitakiwa kutangaza mali zao na kulipa sehemu ya thamani yake ndipo waruhusiwe kuzishika tena: moja ya kumi kwa wenye makosa madogo, moja ya sita, theluthi, hata nusu kwa waliohesabiwa wakosaji wakubwa. Familia nyingi za daraja la akina Jones zilitoka katika hesabu hiyo zikiwa na madeni yasiyoisha. Pale Chastleton mzaha wa ukoo uliendelea hadi karne ya 20: mgeni akishangaa uchakavu wa nyumba, aliambiwa fedha zilipotea "wakati wa vita", akidhani ni vita vya Hitler, kumbe ni vya Cromwell.

Nikujibu sasa ulilouliza hasa. Waliwezaje kutoigawana?

Sheria ya Uingereza ilisema mwenye ardhi akifa bila wosia, ardhi inakwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza. Wengine hawapati hata kipande. Juu ya hapo, kuanzia katikati ya karne ya 17, wanasheria walitunga hati ya kufunga mali. Kijana wa kwanza akifika miaka 21, au akitaka kuoa, yeye na baba yake waliandikishana kwamba baba ataitumia ardhi maisha yake tu, kijana atamfuata naye kwa maisha yake tu, na mwenye mali kamili atakuwa mjukuu ambaye bado hajazaliwa. Mjukuu akifika umri ule ule, wanaifunga tena. Matokeo yake, kila anayekaa ndani ni mlinzi wa zamu. Anakula kodi za mashamba lakini hawezi kuuza.

Ukiichunguza hata hiyo "familia moja" utaona si mstari ulionyooka. Mwaka 1828 uzao wa moja kwa moja ulikoma, jumba likaenda kwa jamaa yao John Henry Whitmore, naye akaongeza jina la Jones kwenye jina lake ili jina la ukoo lisipotee. Jambo hilo lilikuwa la kawaida Uingereza: unataka jumba, chukua na jina. Huko mbele mali ilipita kwa ndugu, kwa mashangazi wasioolewa na kwa binamu, hadi mwaka 1955 ikamfikia Alan Clutton-Brock, mhakiki wa sanaa wa gazeti la The Times, ambaye jina la Jones halimo kabisa. Kwa hiyo waliokaa pale ni ukoo, kweli, lakini ukoo ulioshonwa kwa hati.

Nani alilipa? Walilipa waliobaki nje. Wadogo wa kiume walisukumwa jeshini, kanisani, kwenye sheria au biashara. Mabinti waliahidiwa fungu la fedha la kuolea, mjane akaahidiwa posho ya kila mwaka, na ahadi zote hizo zilibebeshwa ardhi ile ile. Mrithi akirithi mashamba alirithi na deni la shangazi zake. Vizazi vitatu vya namna hiyo, na mwenye jumba kubwa hana hela ya vigae vya paa. Hawezi kuuza shamba atengeneze paa, kwa sababu hati imemfunga. Mwaka 1882 ilipitishwa sheria ya kuwalegezea kamba wauze, lakini muda wa kuuza kwa bei nzuri ulikuwa umepita. Nafaka ya Marekani ilikuwa imeanza kuingia kwa wingi kwa reli na meli za mvuke, na kufikia katikati ya miaka ya 1890 bei ya ngano Uingereza ilikuwa chini ya nusu ya ilivyokuwa miaka 20 nyuma. Kodi za mashamba zikaporomoka nayo. Mwaka 1894 serikali ikaweka kodi mpya juu ya mali za marehemu. Mwanzo kiwango cha juu kilikuwa asilimia 8, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia kilifika 80 kwa mali kubwa kabisa.

Katikati ya kufilisika huko, kijana mmoja wa nyumba hiyo, Walter Jones Whitmore, alikuwa na shughuli nyingine kabisa. Katika miaka ya 1860 alitunga na kuchapisha kanuni za kroke, ule mchezo wa kugonga mipira kwa nyundo za mbao ipite kwenye vitao vya chuma, na mwaka 1867 akashinda mashindano ya wazi ya kwanza huko Evesham. Ndiyo sababu mlikuta viwanja vya kroke pale. Nampenda sana bwana huyu, ingawa kwa paa hakusaidia kitu.

Majumba mengi ya aina hii hayakuvuka karne ya 20. Zaidi ya elfu moja yalibomolewa, mawe na milango ikauzwa, na mwaka 1955, mwaka ule ule Clutton-Brock aliporithi, lilikuwa likivunjwa jumba moja kila siku tano hivi. Kwa nini Chastleton lilibaki? Watu hudhani ni kwa sababu lilipendwa zaidi. Mimi naona lilibaki kwa ufukara wa wenyewe. Wenye fedha kila baada ya vizazi viwili walibomoa uso wa nyumba na kuweka mtindo mpya, wakachimba maziwa na kuhamisha vijiji ili wapate mandhari. Akina Jones hawakuwa na uwezo wa kufuata mitindo. Dari la jikoni limekuwa jeusi kwa masizi ya karne nne, na ukoo ukawa na imani kwamba siku yatakapofutwa, bahati yao itaondoka. Ungekuwa na fedha za fundi chokaa ungehitaji imani hiyo?

Mwisho wake ulifika 1991. Barbara Clutton-Brock, mjane wa Alan, alikuwa ameishi humo miaka mingi na paka wake, paa likivuja, kuta zikinyonya unyevu. Mfuko wa serikali wa kuhifadhi urithi wa taifa ulilinunua jumba na kulikabidhi kwa National Trust, shirika la hiari lililoanzishwa 1895. Kazi ya matengenezo ilichukua miaka sita hivi, wageni wakaanza kuingia 1997. Uamuzi wao ulikuwa kuzuia uharibifu usiendelee na si kulirudisha jumba liwe jipya, ndiyo maana mliona karatasi za ukutani zilizochakaa na vitambaa vilivyofifia. Wapo walionung'unika kwamba ni uvivu. Mimi nadhani walifanya sawa, kwa kuwa ukitaka kulirejesha lazima uchague mwaka mmoja na kuifuta mingine yote.

Sasa Pangani. Unakosea, lakini kosa lako linaeleweka. Uliyoyaona ni ukuta uliosimama. Hukuwaona wadogo waliotoka mikono mitupu wala deni lililomlemaza yule aliyepewa. Waingereza wenyewe walifuta urithi wa mtoto wa kwanza kwa sheria ya mwaka 1925. Na kilichoiokoa Chastleton mwishoni hakikuwa kupewa mmoja. Kilikuwa chombo kisichokufa na kisichooa, chenye fedha iliyotengwa kwa ajili ya nyumba tu. Hilo la pili watu hulisahau. Nyumba ya kale bila mfuko wa matengenezo, awe nayo mmoja au awe nayo kumi, itaanguka.

Zipo njia kadhaa, na kila moja ina ugumu wake. Mmoja wenu mwenye uwezo anaweza kuwanunua wengine kwa thamani iliyopimwa na mthamini. Ni safi, ila lazima awe na fedha kweli, ahadi za "nitawalipa taratibu" huzaa kesi. Mnaweza kubaki nayo pamoja kwa makubaliano yaliyoandikwa: nani anakaa, analipa nini, na kila mrithi anachangia kiasi gani kwa mwaka. Penye wengi pana mengi, kwa hiyo bila maandishi hiyo haifiki mbali. Kama ninyi ni Waislamu, upo wakfu, ambao unakaribiana na kile kilichofanyika Chastleton, nyumba ikiacha kuwa ya mtu na manufaa yake yakiwa ya walengwa. Lakini kila mrithi lazima aridhie kwa hiari kutoa fungu lake, na msimamizi awe mtu anayekubali kukaguliwa. Kuuza nako si dhambi. Nyumba iliyouzwa kwa mtu atakayeitunza ina heri kuliko iliyoachwa iwaangukie watoto wa jirani.

La kumnyima mrithi fungu lake kwa hoja ya "Waingereza hufanya hivi" liache kabisa. Katika mirathi ya Kiislamu mafungu yamekwisha kutajwa, na mrithi huachia lake kwa ridhaa tu. Hata nje ya hapo, aliyelazimishwa kuachia leo ndiye atakayekwenda mahakamani kesho.

Mambo haya hayamaliziki kwa maandishi yangu. Kama msimamizi wa mirathi hajateuliwa, anzeni mahakama ya mwanzo ya huko huko, au pateni ushauri wa wakili au ofisi ya RITA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usajili, ufilisi na udhamini, juu ya usimamizi na udhamini. Kama ni Waislamu, mpate pia sheikh anayejua hesabu za mirathi, na awaone ndugu wote kwa pamoja, si wewe peke yako kwa simu kutoka Banbury.

Kwa wanao, wakitaka kuendelea na utafiti, nyaraka za familia ya Chastleton zipo katika Oxfordshire History Centre, mtaa wa Cowley mjini Oxford, ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Waandikie kabla ya kwenda, useme unataka kuona nini, na muwe na penseli, maana katika vyumba vya kusomea nyaraka kalamu za wino haziruhusiwi.

Na ule ukuta usisubiri mirathi. Wiki hii mtume ndugu mmoja akaangalie maji yanaingilia wapi, kwa kawaida ni paa au mfereji, azibe hapo na kuegemeza nguzo kama umepinda. Nyumba nyingi za zamani za Pangani ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kama yenu ni hivyo, fundi akifika na mifuko ya saruji amsimamishe: saruji hufungia unyevu ndani na kuumega ukuta kwa haraka zaidi. Atafutwe fundi wa chokaa, na ufa ukiwa unapita mkono, hakuna mtu kulala chumba hicho mpaka mtu wa majengo ya kale aje auone kwa macho yake.